Mchumba Mwenye Pembe wa Kagarama

Kagarama, mtaa wa Kigali, kuna lango moja la chuma, la kijani, ambalo limezeeka kuliko nyumba iliyo nyuma yake. Mgeni akilitazama hudhani macho yanamdanganya. Hayamdanganyi. Lango lilitangulia, nyumba ikafuata.

Mwenye lango ni Febronia Mukantwari, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye kicheko kinachoanzia mabegani. Alipopata kile kiwanja, watu walitegemea aanze na msingi kama wenzake. Yeye akaita fundi wa kuchomelea, akasimamisha nguzo mbili na lango la mabati mazito, basi. Lango likasimama peke yake kwenye majani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kushoto wazi, kulia wazi, mbuzi wanapita wapendavyo. Lakini Febronia kila alipokuja alifungua kufuli, akaingia kwa lango, akalifunga nyuma yake.

"Mama, na mwizi akija atapiga hodi?" majirani walimtania.

"Akiwa na adabu, atapiga," akajibu.

Hakuwaambia sababu. Sababu ilikuwa ng'ambo ya mto Kagera, huko Karagwe, Tanzania, alikozaliwa na kukulia, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Alipoposwa, sherehe ya kuombwa, ile ambayo Wanyarwanda huiita gusaba, ilifanyika kwenye uwanja wa jirani Mhaya, mtu mwema aliyewaazima uwanja, viti na hata pombe ya ndizi. Sasa, desturi ya gusaba ni mzaha. Mzee wa upande wa mume na mzee wa upande wa mke hukaa wakitupiana maneno, huyu anaomba, yule anakataa, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa. Siku ile mzee wa upande wa mume akauliza kwa utani, "Tumefika kugonga, lakini hili lango tunalogonga ni la nani?" Watu wakaangua kicheko. Baba yake Febronia naye akacheka. Lakini kikombe chake cha pombe alikiweka chini kikiwa nusu, na hakukigusa tena mpaka wageni wakaondoka.

Febronia alikiona kile kikombe. Wengine walisahau, yeye hakusahau. Akajiapia kwamba akijaliwa binti, watakaokuja kumwomba watagonga lango la mama yake.

Alijaliwa binti, Kaliza. Miaka ikaenda, mume akatangulia mbele za haki, Febronia akarudi kwao Rwanda, akafikia Kigali na binti mkononi, na kazi aliyoipata mwishowe ni ya kukodisha mahema, viti na mapambo ya sherehe. Amepamba harusi za watu mpaka vidole vyake vinajua kufunga fundo la utepe gizani. Gusaba za mabinti wa wenzake amezisimamia kutoka nyuma ya hema, ameshika nyundo ya vigingi, akisikiliza wazee wakitaniana. Kila mara moyoni alisema, ya kwangu inakuja.

Ikaja. Kijana mmoja aitwaye Sangwa, mpole, fundi wa kompyuta, akamtaka Kaliza na Kaliza akamtaka. Siku ikapangwa, Jumamosi moja miezi mitatu mbele, nyumbani, Kagarama. Wajomba wa Sangwa walishauri wachukue ukumbi Busanza, kwamba kuna maegesho na jenereta. Febronia akawaambia asanteni sana, ila hapa nyumbani kuna lango.

Hapo ndipo alipokuja mdudu.

Kwenye ukuta wa baraza, juu kidogo pembeni mwa mlango wa mbele, palining'inia ubao wa imigongo. Ni ile sanaa ya samadi ya ng'ombe: unaifinyanga kwenye ubao iwe matuta matuta yenye pembe kali, ikikauka unapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Ubao huu aliutengeneza mama yake Febronia kwa mikono yake kule Karagwe, na ndio kitu pekee kati ya mapambo yake yote ambacho hakikodishwi. Ulitundikwa pale ili Kaliza atakapotoka kuonyeshwa kwa wageni, apite chini ya kazi ya bibi yake.

Asubuhi moja Febronia akifua vitambaa vya viti alisikia mlio barazani, zzzz, unakatika, zzzz. Akaenda kutazama. Kwenye bonde la tuta moja la imigongo alikuwepo nyigu mkubwa, mrefu kama kidole cha mtoto, kichwa chekundu kama kutu, mwili mweusi, mbawa nyeusi zenye mng'ao wa buluu. Kinywani ana tonge la udongo mbichi. Analipaka, analilainisha, na anapopaka ndipo anapovuma, kama fundi anayepiga mluzi kazini.

"Karibu," Febronia akamwambia. Watu wa biashara hawamfukuzi anayefanya kazi.

Akamwacha. Nyigu akajenga chumba cha udongo, mviringo, kinachotosha ncha ya kidole gumba, halafu akaanza safari nyingine. Sasa haleti udongo, analeta viwavi aliokwisha kuwatafuna wakawa kama uji mzito, anaingiza kichwa chumbani na kulisha. Ndani kuna mtoto. Mtoto akikua, mama anaziba mlango kwa udongo, anaanza chumba kingine ubavuni. Jioni haendi popote, analala papo hapo juu ya nyumba yake. Febronia akawa anakunywa chai yake barazani akimtazama, na ikawa kama wamepanga nyumba pamoja.

Wiki zikapita, akatokea wa pili. Huyu ndiye aliyeharibu mambo.

Wa pili alikuwa na pembe. Si masihara. Kwenye taya zake zilitoka pembe mbili ndefu zilizopinda kwenda mbele, kama za ngiri. Hakubeba udongo, hakubeba kiwavi. Alikuja akakaa kwenye vile vyumba vilivyozibwa, akatulia, anatazama mbele. Kesho yake yupo. Keshokutwa yupo. Wiki baada ya wiki yupo. Mwingine mwenye pembe fupi alipokuja kutua, wakasukumana kichwa kwa kichwa mpaka yule mfupi akaanguka chini kwenye ndoo ya maji. Febronia akamtoa kwa kijiti.

"Mama," Kaliza akasema akisimama mbali, "hicho si kitu cha kuweka nyumbani. Kina meno kama ya nguruwe."

"Tutaupeleka ubao stoo mpaka siku ya sherehe," mama akasema. "Akirudi hatauona, atahama."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa mahema hasa, aliyezoea kwamba ukihamisha kitu, sherehe inahamia huko huko. Mchana nyigu mama alipokwenda kuwinda, na mwenye pembe naye amekwenda kunyonya maua, Febronia akauchukua ubao polepole, akaufungia stoo.

Nyigu mama akarudi na tonge la kiwavi. Akatua ukutani, mahali penyewe. Hakuna kitu. Akapaa, akarudi, akatua. Hakuna. Nyigu hukariri njia ya nyumbani kwa kutazama vitu vilivyo jirani, mlango, dirisha, chungu cha maua, na kila kitu kilikuwepo ila nyumba tu. Akaanza kuzunguka. Akazunguka baraza, akaingia sebuleni, akatoka, akawazunguka kichwani akina mama waliokuja kusaidia kuchambua maharage. Mwenye pembe naye akarudi akaanza kuzunguka upande wake.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Iko inatutafuta sisi!" mmoja akapiga kelele. Maharage yakamwagika, sahani zikaruka, na katika kukimbia huko mtu hakukosa nafasi ya kupiga picha. Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kabla ya jioni mtu mwingine alikwishaiambatanisha na video ya dondora wauaji wa nchi za mbali huko Asia, makundi kwa makundi, na sauti ya kutisha ikisimulia.

Febronia akaurudisha ubao ukutani. Nyigu mama akatua, akapapasa udongo wake kwa antena, akaingiza kichwa chumbani akamlisha mwanawe. Kimya kikarudi barazani. Lakini kwenye simu hakikurudi.

Jioni hiyo aligonga kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa, mzee Gakwaya. Ni mtu mzuri, mrefu, aliyelelewa Uganda, Kiswahili chake cha Kigali hakijali sana nani ni nani, kila kitu kwake "iko".

"Mama Kaliza, nimeona picha," akasema bila kuvuka kizingiti. "Hii kitu iko hatari. Wewe utaita watu wengi hapa, wazee, watoto. Ikiuma mtu, mimi nitasema nini?"

"Mzee, ni mdudu mmoja tu."

"Kwenye video iko elfu."

"Kwenye video si yeye."

"Umejuaje si yeye?"

Febronia akageuka akautazama ubao. Kwa kweli hakujua. Alikuwa anamjua kama mtu anavyomjua jirani, saa anayotoka na saa anayorudi, lakini ukimuuliza ukoo wake hana habari.

"Tutaongea Jumamosi hii baada ya umuganda, kazi ya mtaa ikiisha," Gakwaya akasema kwa upole. "Watu waamue. Kama hatujui iko nini, ama tunapuliza dawa hii ukuta yote, ama sherehe inaenda kwa ukumbi. Si wamesema Busanza kuna ukumbi?"

Dawa kwenye ukuta maana yake dawa kwenye imigongo, na rangi ya udongo ya mama yake ingetiririka kama machozi. Ukumbi maana yake wageni watagonga mlango wa kioo wa mtu mwingine. Febronia alimsindikiza Gakwaya mpaka langoni, akalifunga, akasimama ameegemeza paji la uso kwenye chuma.

"Wacha nimuone mimi," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Nasimiyu, mpangaji wake wa vyumba vya nyuma, Mkenya wa Bungoma, mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya sekondari. Alikuwa ametoka kusahihisha mitihani, kalamu nyekundu bado iko kwenye nywele.

"Mwalimu, wewe si unawajua?"

"Nawajua kwa vitabu, Mama Kaliza. Huyu ni wa ukuta. Hebu tuone."

Nasimiyu akatazama kwa mbali kidogo, akatingisha kichwa. "Aki pole. Hawa ni wale wa kundi. Leo wawili, mwezi ujao watajaa hapa kama kanisa."

"Wawili? Miezi yote hii ni mama huyu mmoja anajenga. Hakuna aliyemsaidia hata tonge."

"Anajenga na nini?"

"Udongo. Anauchota pale ninapofulia."

Nasimiyu akasogea hatua moja. Akachomoa kalamu kwenye nywele kana kwamba anataka kujisahihisha mwenyewe. "Udongo? Una hakika? Wa kundi hawatumii udongo. Wanatafuna mbao, wanatengeneza kama karatasi, nyumba nyepesi kama kadibodi ya mayai. Lete kiti."

Wakaleta kiti, wakaleta na kioo cha kukuzia cha mwalimu, na wakakaa siku zilizobaki kwa zamu ya chai na kioo. Febronia alisema alichokiona, Nasimiyu alisema maana yake, na pale ambapo hakuna aliyejua walitazama tena. Mbawa zake nyigu akitulia anazikunja kwa urefu, kila moja nyembamba kama utepe, kwa hiyo ni wa ukoo mmoja na dondora, binamu kabisa. Lakini binamu huyu hana malkia wala askari. Kila mama ana nyumba yake, anajenga mwenyewe, anawinda mwenyewe, anamlisha mtoto mmoja baada ya mwingine kwa kinywa chake.

"Mjane," akasema Febronia.

"Mjane mwenye biashara," akasema Nasimiyu, wakacheka.

"Na huyu mwenye pembe?"

Nasimiyu akasogeza kioo mpaka pumzi yake ikamfikia mdudu. "Tazama ncha za antena, zimepinda kama ndoano. Na pembe. Jike hana pembe. Huyu ni dume, Mama Kaliza. Na dume wa nyigu hana mwiba. Mwiba asili yake ni chombo cha jike cha kutagia mayai. Dume atautoa wapi?"

"Basi anafanya nini hapa mwezi mzima bila kazi?"

Nasimiyu akaanza kucheka kabla hajajibu. "Anangoja. Mle ndani ya udongo kuna binti anakua. Siku atakapotoka, huyu anataka awe wa kwanza kumsalimia. Pembe ni za kuwafukuza wenzake."

Kaliza, aliyekuwa mlangoni na mkufu wa kujaribu shingoni, akapiga yowe la kicheko. "Sangwa akisikia! Yeye Jumapili alingoja dakika chache tu akaanza kupiga simu!"

Jumamosi ya umuganda mtaa mzima ulitoka na majembe kuzibua mtaro wa barabara ya chini. Baada ya kazi watu walikaa kwenye kikao, kama kawaida, chini ya hema ambalo Febronia huliazimisha mtaa bure. Gakwaya alikuwa amevaa jezi ya timu ya taifa, Amavubi, jina ambalo kwa Kinyarwanda ni nyigu wenyewe. Habari za maji, habari za taka, kisha akakohoa.

"Sasa hii ya nyigu ya kwa Mama Kaliza."

Febronia akasimama. Nasimiyu akampa chupa ya siagi ya karanga iliyotobolewa kifuniko. Ndani yake mwenye pembe alikuwa amesimama kwa heshima yote. Watu wa mbele wakawa watu wa nyuma kwa ghafla.

"Jirani zangu," Febronia akasema, "huyu ndiye wa kwenye picha. Mwalimu ananiambia ni dume na dume hana mwiba. Mimi nimekaa naye mwezi. Sikuwa najua, sasa najua. Siwezi kuwaambia muamini maneno. Tazameni."

Akafungua kifuniko, akaingiza mkono.

Mwenye pembe akapanda kiganjani mwake. Febronia akainua mkono. Mdudu akaona watu, au akaona jua, nani ajuaye, akakunja mkia na kuuchoma choma kwenye kidole chake, tendo lile lile la mwenye mwiba.

"Yuuu!" Febronia akapiga ukelele kwa mazoea tu, na watu hamsini wakapiga pamoja naye. Kisha akatazama kidole. Hakuna kitu. Akaangalia tena. "Ananidanganya!" akasema, mabega yakaanza kucheka. "Jamani, anajifanya tu! Hana kitu!"

Mwenye pembe akaona ametukanwa. Akaruka, akazunguka hema mara moja, na katika vifua vyote vya Kagarama akachagua kifua cha mzee Gakwaya. Akatua juu ya jezi, karibu na moyo.

Gakwaya akawa nguzo. Macho tu ndiyo yaliyotembea.

"Iko wapi?" akanong'ona.

"Kwenye jezi, mzee," mtu akajibu kutoka nyuma. "Ameona jina lake."

"Mzee usikimbie! Amavubi hakimbii Amavubi!" mwingine akadakia, na hapo kikao kikavunjika kwa kicheko. Gakwaya alijitahidi kubaki na sura ya uongozi, ikamshinda. Tumbo likaanza kutikisika, na mwenye pembe akatikisika nalo, mpaka alipochoka akaruka kuelekea kule kule kwenye lango la kijani, kumngoja binti wake.

"Sawa," Gakwaya akasema akifuta macho. "Hii bwana haina mwiba. Na bibi yake?"

Nasimiyu angeweza kunyamaza hapo. Hakunyamaza. "Jike anao, mzee. Na anauma sana, siwezi kukudanganya. Lakini yuko mmoja, hana jeshi la kuita. Ukimshika atakuchoma. Usipomshika, ana shughuli zake."

Gakwaya akafikiri. "Hata mke wangu iko hivyo," akasema, na kikao kikavunjika mara ya pili.

Uamuzi ukatoka: dawa hapana, ukumbi hapana. Ila mtu asikae chini ya ubao ule, chungu kikubwa cha maua kiwekwe hapo kuzuia, na mwalimu akae karibu na macho yake. Febronia akakubali kila sharti. Angekubali hata kuambiwa ampikie yule nyigu.

Jumamosi iliyofuata mahema mawili yalitazamana kwenye uwanja wa Febronia, na kwa mara ya kwanza aliyepamba hakusimama nyuma na nyundo. Alikaa mbele, amevaa umushanana, ile nguo ya heshima inayofungwa begani, akiwa hajui mikono aiweke wapi. Msemaji wa nyumba alikuwa kaka yake mkubwa, Jeremiah, naye mtoto wa Karagwe. Msemaji wa wageni alikuwa Oswald, mjomba wa Sangwa, mzee mwembamba mwenye fimbo na ulimi.

Wageni wakagonga lango. Likaitika kama kengele. Wakafunguliwa, wakaketishwa, wakanyweshwa, na mzee Oswald akasimama, akainamia fimbo yake.

"Tumegonga," akasema, "na tumefunguliwa. Lakini sisi watu wa heshima hatuwezi kuomba kitu bila kumjua mwenye nyumba. Lango hili tulilogonga ni la nani?"

Ulikuwa utani, ule ule wa siku zote. Watu wakaanza kucheka. Febronia hakucheka. Alimtazama Jeremiah, na Jeremiah, aliyekuwa na jibu la kuchekesha tayari mdomoni, akalimeza.

"Lango ni la dada yangu," akasema. "Mzee, ulipoligonga hukusikia uzito wake? Lango hili lilisimama hapa kabla ya ukuta. Lilisimama kabla ya paa. Lilikungoja wewe kabla Sangwa hajaota meno."

Yakalia makofi, kwanza ya akina mama, halafu ya mahema yote mawili. Oswald aliona kwamba amegusa kitu asichokijua, akainamisha kichwa kuelekea kwa Febronia. Mzee mwenye akili.

Jeremiah hakumwachia muda wa kupoa. "Lakini mmechelewa. Binti wa nyumba hii ana mchumba tayari. Yuko hapa mwezi mzima, mlangoni, jua lake, mvua yake. Hajaomba hata maji. Nyinyi mmekuja leo kwa magari yenye kiyoyozi."

"Yuko wapi huyo tumwone?"

Jeremiah akanyoosha mkono kwenye ubao wa imigongo. Wageni wakageuza shingo. Mwenye pembe alikuwa palepale, amekaa juu ya udongo wake, pembe mbele, kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Wakati huohuo nyigu mama akapita katikati ya mahema mawili na kiwavi chake, hana habari na mtu, akatua, akaingiza kichwa kulisha. Mzee Gakwaya, aliyekaa mstari wa mbele, akawaambia wageni kwa sauti ya mtaalamu, "Msiogope. Ile iko na pembe haina mwiba. Mimi namjua, ni rafiki yangu."

Oswald akamkazia macho mdudu, akazipapasa ndevu. "Ana pembe nzuri. Ana ng'ombe?"

"Hana. Ana pembe tu."

"Basi sisi," akasema Oswald, akapiga fimbo chini, "tumeleta pembe, na chini ya kila pembe kuna ng'ombe!"

Hapo hata mahema yalicheka. Sangwa akapigwa mgongoni mpaka tai ikageuka. Na baada ya kukataliwa kidogo tena, kwa adabu, Kaliza akaletwa. Alitoka barazani polepole, akapita chini ya matuta ya bibi yake, na alipofika kwenye chungu cha maua akainua macho kwa mwenye pembe, akabana midomo asicheke, akaendelea.

Ikaja pombe ya ndizi ya kukubaliana. Kikombe kikazunguka kwa wazee, kikamfikia Febronia, mama wa binti na mwenye lango. Akakishika kwa mikono miwili. Akakinywa chote, hakukitua mpaka kilipokwisha, akakigeuza juu chini wamwone, na tone halikutoka.

Kaliza alipoolewa kanisani na kwenda zake, nyumba ikawa kubwa kwa Febronia. Asubuhi moja, akiwa kwenye beseni la vitambaa vya viti, aliona baraza kimya mno. Akafuta mikono, akasogea. Chumba kimoja cha udongo kilikuwa na tundu la mviringo, safi, limekatwa kutoka ndani. Mwenye pembe hayupo. Hakuna aliyeona, hakuna aliyepiga picha. Yeye na binti wake walikwenda kimya kimya, bila hema wala spika.

Akampigia Kaliza. "Wale wachumba wameondoka."

"Lini? Mama, na wewe hukuwaaga?"

"Nilikuwa nafua. Watoto wa siku hizi hawaagi."

Kaliza akacheka upande wa pili wa simu, akauliza sasa ule udongo ataubandua lini kwenye ubao wa bibi. Febronia akageuza macho. Pale kando ya beseni, kwenye tope la maji yake ya kufulia, nyigu mama alikuwa ameinama, anakata tonge jipya.

"Ngoja kwanza," akasema. "Bado anajenga."